Unafanya kazi nyumbani na paka hakupi nafasi: dalili, sababu na la kufanya

Paka akipanda juu ya kibodi hutimuliwa, hurudi, hutimuliwa tena, na mchezo huo ukaendelea mpaka adhuhuri. Kumtimua hakutatui kitu, kwa sababu kitendo kile kile kinaweza kuwa na sababu mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi nyengine. Anayetafuta joto hatulizwi kwa chakula, na mwenye njaa hatulizwi kwa kitanda kipya.

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uigawe safu nne: saa ngapi, paka alikuwa wapi, nini kilitokea kabla, na wewe ulifanya nini baada yake. Andika kwa siku tatu za kazi. Safu ya nne ndiyo inayotoboa siri. Ukikuta kila alipolia ulinyanyuka, ukamsemesha au ukampa kipande cha samaki, basi sababu imeshapatikana na mwenye kubadilika ni wewe. Hata kumgombeza ni kumjibu.

Analala juu ya kibodi au mbele ya skrini

Anza na msimu. Joto la mwili wa paka mzima ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39, na hustarehe hasa pale penye nyuzi 30 na kitu, mahali ambapo mtu tayari anatafuta feni. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, asubuhi za Unguja na Pemba zina ubaridi na upepo, na laptopu iliyokwisha fanya kazi saa moja ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote chumbani. Hapo sababu ni joto. Kaskazi ikishika, Januari na Februari, paka huyo huyo anatakiwa awe kajinyoosha kwenye saruji tupu chini ya meza au juu ya marumaru za msalani. Kama Februari, saa nane mchana, bado anakuja kulala juu ya vidole vyako, usihangaike na joto. Anataka mikono na macho yako, na vyote viwili viko pale kwenye kibodi.

Kwa anayetafuta joto, mpe mahali pengine penye joto, kwa kimo kile kile cha meza na si zaidi ya urefu wa mkono kutoka ulipo. Ukipaweka upande wa pili wa chumba hatakwenda. Ungo mkongwe wa kupepetea mchele uliotandikwa kipande cha kanga unafaa sana. Wapo paka waliokataa vitanda vya dukani wakalala ungoni siku ile ile, kwa sababu una ukingo wa kuegemeza mgongo. Mwenye kujaza karatasi zake kisanduku cha kadibodi cha sentimita 40 kwa 30 naye anaweza kukitoa, paka hatakidharau.

Kwa anayetafuta wewe, ungo peke yake hautoshi. Mpe zamu. Kila baada ya dakika 45 au 50 za kazi, simama, mshughulikie dakika tatu kwa ukamilifu, ikisha kaa. Baina ya zamu na zamu akipanda, mshushe chini bila kusema neno na bila kumtizama usoni. Wiki ya kwanza atapanda zaidi kuliko zamani. Anajaribu kama mlango uliokuwa wazi umefungwa kweli, na ukimwachia siku ya nne utakuwa umemfundisha kwamba dawa ni kung'ang'ania.

Rafu ya ukutani pia husaidia: ubao wa upana wa sentimita 30, urefu wa 60, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka sakafuni, na kiti au kabati ya kupandia njiani. Paka hupenda kuona chumba kizima kutoka juu, na akiwa juu hana haja ya meza yako. Katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe usipige msumari kwenye chokaa ukategemea utashika; plasta humeguka na rafu ikaja chini pamoja na mnyama. Tafuta boriti, au tumia rafu ya kusimama yenye miguu.

Unaponyanyuka, funika. Kibodi ya nje ya kawaida ina urefu wa sentimita 45 hivi, basi kisanduku cha mbao kisicho na upande mmoja, cha sentimita 50 kwa 20 na kina cha 6, kikipinduliwa juu yake kinatosha, na fundi seremala wa mtaani anakipiga kwa mabaki ya ubao. Laptopu, ifunge kabisa. Na kabla ya kuondoka bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L (kwenye Mac ni Control, Command na Q). Skrini ikiwa imefungwa, paka anaweza kukanyaga atakavyo asitume barua kwa mtu.

Ameshapita, na kompyuta imebadilika

Uzito wa kilo nne kwenye miguu minne hubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja na kuvishikilia, na Windows imewekewa njia nyingi za mkato zinazofunguka hivyo hasa. Watu huenda kwa fundi kwa jambo la sekunde mbili. Yanayotokea mara nyingi ni haya.

Herufi hazitoki, au zinatoka ukikibonyeza kitufe kwa muda tu. Paka alikalia Shift ya kulia kwa sekunde 8 na kuwasha kichujio cha vitufe. Ishikilie tena Shift ya kulia sekunde 8.

Ukibonyeza herufi, madirisha yanafunguka badala ya kuandika. Shift ilibonyezwa mara tano mfululizo, na sasa Ctrl au kitufe cha Windows kinabaki kama kimeshikiliwa. Bonyeza Shift mara tano tena. Yote mawili, hili na la juu yake, yazime moja kwa moja kwenye mipangilio ya kibodi upande wa huduma za watu wenye mahitaji maalumu, ili njia hizo za mkato zisifanye kazi tena.

Sauti ya mtu inasoma kila kitu kwenye skrini: bonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Skrini nzima imekuzwa na inakimbia ukisogeza kipanya: Windows na Esc. Ukurasa wa kivinjari tu ndio uliokuzwa au kudogoshwa: Ctrl na 0. Vitufe vya juu vya kivinjari vimepotea: F11. Rangi zimekuwa nyeusi na njano za kutisha: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen. Skrini imelala ubavu au imepinduka: kwenye kompyuta za zamani jaribu Ctrl, Alt na mshale wa juu, la sivyo ingia kwenye mipangilio ya skrini urudishe mwelekeo. Ukiandika katikati ya neno herufi za mbele zinafutika: kitufe cha Insert.

Intaneti imekatika lakini simu ya jirani yako inapata? Tizama safu ya F1 mpaka F12, kitufe chenye picha ya ndege. Kiguso cha laptopu hakisogezi mshale? Safu ile ile, kitufe chenye picha ya kiguso, pengine pamoja na Fn. Bando lako halina kosa.

Maandishi yaliyofutika yarudishe kwa Ctrl na Z kabla hujafunga faili. Kwa barua pepe, Gmail inakuruhusu kuchagua muda wa kughairi kutuma, kuanzia sekunde 5 mpaka 30. Mwenye paka aweke 30.

Analia kila kikao kikianza

Kwanza tizama saa. Paka kwa maumbile yake huchangamka alfajiri na jioni, na hulala saa 12 hadi 16 katika siku nzima. Sasa anayefanya kazi na watu wa New York, vikao vyake huanza saa 12 jioni kwa saa za hapa, kwao ikiwa ni saa tano au saa nne asubuhi kutegemea majira yao. Zanzibar jua huzama baina ya saa 12 na saa moja kasoro robo mwaka mzima. Kwa hivyo kikao kinaangukia ile saa ambayo paka yuko tayari kuwinda.

Dawa yake ni kumwindisha mapema. Kama kikao ni saa 12, anza saa 11 na nusu. Chukua chelewa ndefu ya mnazi, funga kipande cha kitambaa nchani, ukikokote sakafuni kikimkimbia, wala kisimjie usoni: hakuna windo linalomjia mwindaji. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha, mradi umwachie akamate mara kadhaa. Ikisha mpe chakula hapo hapo. Kuwinda, kukamata, kula, kujilamba, kulala: ndio utaratibu wake, na ukimfikisha kwenye kula basi yaliyobaki atayamaliza mwenyewe. Ukicheza naye ukaacha bila chakula, umemwasha tu.

Kuhusu chakula hicho, tahadhari moja ya hapa kwetu. Dagaa wetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na ng'onda nayo ni chumvi tupu. Waroweke nusu saa kwenye maji, mwaga maji hayo, wachemshe upya. Samaki peke yake, kila siku, hakamilishi mahitaji ya paka. Changanya na maini au kuku, au tumia chakula cha paka cha dukani kwa mlo mmoja. Paka wa kilo nne anahitaji maji kiasi cha mililita 200 kwa siku pamoja na yaliyomo ndani ya chakula.

Baada ya Ramadhani hutokea tatizo la pekee: paka analia saa 10 usiku, mwenye nyumba haamki vizuri, na kazi ya asubuhi inaharibika. Sababu ni daku. Kwa mwezi mzima jiko liliwashwa saa ile na kitu kikamdondokea, na kalenda hajui. Usikate ghafla. Mlo huo usogeze mbele dakika 15 kila siku. Kutoka saa 10 mpaka saa moja asubuhi utachukua siku 12. Mwenye busara huanza tangu kumi la mwisho, ila nani ana nafasi kumi la mwisho?

Kama ni jike asiyehasiwa na analia kwa sauti nzito, anajiviringisha, ananyanyua kiuno ukimgusa mgongo, huyo anataka dume. Hali hiyo huchukua kama wiki moja, hupoa, na hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi za mbali na ikweta majike hupumzika majira ya baridi siku zikiwa fupi. Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mchana haupungui wala hauzidi kwa kiasi cha kumpumzisha, kwa hivyo hana msimu: ni mwaka mzima. Hakuna mchezo wala chakula kitakachomnyamazisha. Ahasiwe, na anaweza kuhasiwa kuanzia umri wa miezi 4 hadi 6.

Na paka aliyezidi miaka 10 aliyekuwa kimya maisha yake yote, ghafla akaanza kulia usiku na mchana huku akikonda au akinywa maji mengi, si suala la kikao. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Umemfungia nje, sasa anakwaruza mlango

Kufunga mlango ndiyo shauri la kwanza la kila mtu, na kwa nyumba zetu ndilo shauri baya. Katika kaskazi, chumba kilichofungwa mlango hakikaliki. Kuta nene za mawe zinazuia mawimbi ya ruta iliyoko ukumbini. Na paka haumii kwa kukosa chumba. Kinachomkera ni mlango wenyewe, kwamba jana ulikuwa wazi leo umefungwa.

Kinachofanya kazi ni mlango wa wavu. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, kimo cha mlango mzima (paka mzima anaruka mita moja na nusu bila taabu, nusu-mlango si kizuizi), na wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi uliopigwa pini upande wa ndani. Usitumie wavu wa mbu wa nailoni, atauparamia kwa kucha mpaka juu na kuupasua kwa siku moja. Anakuona, na upepo unapita. Mlishe upande wake wa wavu, hatua moja kutoka mlangoni, siku tatu za mwanzo. Akilia, usifungue akiwa analia. Ngoja ukimya wa sekunde 10, ndipo ufungue.

Kikao kinaendelea vizuri, ghafla anaruka ukutani nyuma yako

Hapa paka hana kosa hata kidogo. Fuata mnyororo: taa ya mezani inawashwa jioni, wadudu wanakuja kwenye mwanga uliopiga ukutani, mijusi wanakuja kwa wadudu, paka anakuja kwa mijusi. Anakaa chini ya pazia dakika nzima, mkia unatikisika ncha tu, taya zinatetemeka kwa mlio mdogo wa kukatika katika, halafu pazia zima linashuka na fimbo yake mbele ya meneja wako.

Ondoa mwanga ukutani. Taa igeuze ielekee usoni kwako kutoka nyuma ya skrini, ukuta wa nyuma ubaki na giza. Picha yako kwenye kamera nayo itakuwa nzuri zaidi. Balbu ya rangi ya njano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe yenye ubuluu. Dirisha liwe na wavu.

Mchana mkosaji ni kunguru. Hawa kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wamezoea kumzomea paka wakiwa kwenye nondo za dirisha, naye akajibu. Funga vipande vya chini vya dirisha la mbao, vya juu acha wazi kwa ajili ya hewa. Usiweke mabaki ya samaki kwenye kizingiti.

Anatafuna waya

Mtoto wa paka wa miezi 3 hadi 6 anaota meno, na atatafuna chochote kilicho laini na chembamba. Paka mzima anayetafuna ni mwenye kuchoka na kukosa shughuli, au mwenye maumivu ya meno. Mfunue mdomo utizame fizi nyekundu.

Jua waya upi ni hatari. Waya wa chaja una vipande viwili: kutoka soketi mpaka kwenye kisanduku chake ni volti 230, na huo unaua. Kutoka kwenye kisanduku mpaka kwenye laptopu aghalabu ni volti 19 au 20, ambao utakuunguzia chaja zaidi ya kumuunguza paka. Kwa hivyo linda kwanza ule wa soketi na ule wa ekstensheni. Nunua mpira wa maji wa nusu inchi, upasue kwa kisu upande mmoja urefu wote, uingize waya ndani. Kila baada ya sentimita 30 funga kwa kamba ya plastiki. Ekstensheni iinue ukutani, isilale sakafuni, na kisanduku cha chaja kisifunikwe na kitu.

Sasa jambo la kusisitizwa. Visiwani, na Pemba khasa, mafuta ya karafuu yako kila nyumba, na mtu anayetaka kumchukiza paka asiguse waya huyafikiria mwanzo. Usipake. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kusafisha kemikali za jamii ya fenoli, na mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kemikali hiyo. Akiyalamba makuchani atatoa mate, atatapika, atayumba, na ini linaweza kuharibika. Ni kwa udhaifu huo huo wa ini kwamba kidonge kimoja tu cha panado cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na kwamba Dettol haifai kusafishia vyombo vyake. Mafuta ya mchaichai na ya maganda ya ndimu yaliyokamuliwa nayo yaache. Pilipili itamwingia machoni akijipangusa. Mpira wa maji hauna sumu na unauzwa kwa mita.

Akipigwa na umeme, usimguse. Zima swichi ya soketi kwanza, au swichi kuu. Hata akisimama na kutembea, mchunguze siku nzima na usiku wake: kupumua kwa haraka au kwa mdomo wazi kunaweza kuanza saa kadhaa baadae, maji yakiwa yameanza kujaa kwenye mapafu.

Laptopu inaunguruma, inachemka, inakwenda pole pole

Manyoya. Yanaingia na hewa kwa chini, yanakwama baina ya feni ndogo ya ndani na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto. Kwengine yangekuwa vumbi tu, lakini hapa hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na baada ya miezi manyoya hushikana yakawa kama kipande cha blanketi kilichokatwa kwa kipimo cha tundu. Ukipuliza kwa nje hakitoki, kinasogea tu.

Dalili ya uhakika: feni inazunguka kwa nguvu, lakini ukiweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa husikii upepo. Hapo mfuniko wa chini lazima ufunguliwe. Kama upepo upo ila ni dhaifu, zima kompyuta, chomoa chaja, zuia panga za feni zisizunguke kwa kijiti cha meno, na upulize kwa vipindi vya sekunde mbili mbili. Feni ikizungushwa kwa kasi na upepo wa nje huharibika. Fanya hivi kila miezi mitatu, na chini ya laptopu weka vibao viwili vinavyoinyanyua sentimita 3 au 4. Kufanyia kazi juu ya godoro alilolalia paka ni kuyaita manyoya yaingie.

Ruta nayo hulaliwa kwa ajili ya joto lake. Itundike ukutani, imesimama wima, na intaneti inayokatika kila mchana huenda ikapona bila kumpigia mtu simu.

Chai imemwagika

Chomoa chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izimike kabisa. Ondoa kila kilichochomekwa. Ifungue na uisimamishe kifudifudi juu ya taulo, skrini ikining'inia nje ya ukingo wa meza, ili maji yatoke njia yaliyoingilia. Usiitikise, usiikaushe kwa mashine ya moto ya nywele, na usiizike ndani ya mchele; mchele haunyonyi kilicho chini ya kibodi na vumbi lake huingia kwenye matundu.

Maji matupu, ikaushe mbele ya feni kwa saa 48 na pengine utasalimika. Kwa unyevu wetu wa masika, zidisha. Chai ya maziwa na sukari ni habari nyengine: sukari hunata, maziwa huoza, na kutu huanza siku hiyo hiyo. Peleka kwa fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti safi kabla hujaiwasha hata mara moja kujaribu. Wengi wa waliopoteza mashine waliipoteza kwa kule kujaribu.

Kinga yake ni rahisi. Kikombe kisikae mezani. Kiweke kwenye kigoda kilicho chini ya usawa wa meza, upande wa mkono usiotumia kipanya. Kikisukumwa, chai itakwenda sakafuni.

Kiti cha kazi kimechanika mgongoni

Paka akikwaruza anavua maganda ya kucha, ananyoosha mgongo na anaacha harufu yake. Hawezi kuacha kabisa, anaweza kuhamishwa. Kata kigogo cha mvinje chenye unene wa sentimita 9 na kimo cha sentimita 80, ili ajinyooshe wima mwili mzima. Kipigilie kwenye ubao wa sentimita 40 kwa 40. Kikiyumba mara moja tu hatakirudia. Zungusha kamba ya usumba ya milimita 8, mizunguko ikibanana, kwenye sentimita 60 za juu. Inakwenda mizunguko kama 75, yaani mita 23 na kitu, basi nunua 25. Kisimamishe pale pale kilipo kiti, na kiti ukifunike shuka kwa wiki mbili.

Mkojo kwenye mkoba wa kompyuta, kwenye msala, kwenye kona ya meza

Tofautisha mawili. Dimbwi sakafuni au juu ya kitu laini ni kukojoa. Michirizi ukutani au kwenye mguu wa meza, kimo cha shubiri moja au zaidi, ni kuweka alama, na aghalabu ni dume asiyehasiwa aliyemwona paka wa mtaani dirishani. Kwa la pili, dume huhasiwa, na dirisha hufunikwa chini.

Kwa la kwanza, kagua beseni lake la mchanga. Liwe na urefu wa sentimita 50 au zaidi, mchanga wa kina cha sentimita 5 hadi 7, uchafu uondolewe mara mbili kwa siku, na idadi ya mabeseni izidi idadi ya paka kwa moja. Mchanga wa pwani haufai: chumvi yake huvuta unyevu, haukauki, na harufu hukaa. Maranda ya mbao au mchanga mkavu wa ujenzi uliochekechwa ni bora. Beseni likae mbali na bakuli la chakula na mbali na jenereta.

Kusafisha: kausha kwa kitambaa, roweka kwa maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya nusu saa au zaidi, ikisha suuza kwa maji mengi. Usitumie jiki, kwani ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua, wala dawa yenye amonia, ambayo kwa pua ya paka ni mwaliko wa kurudia. Paka mwenyewe si najisi lakini mkojo wake ni najisi, kwa hivyo msala usuuzwe mpaka rangi na harufu viondoke. Tohara na kumzuia asirudie vinapatikana kwa maji hayo hayo.

Dume anayeingia beseni mara kwa mara, anajikaza, analia, anajilamba sehemu za siri, na kinachotoka ni tone au hakuna kitu, njia yake ya mkojo imeziba. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Ahirisha kikao, mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, umpeleke kwa daktari saa ile ile. Akikuuma wakati wa kumkamata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.